Mama ananikabidhi karafuu, na mie nina siri ya wiki tano

Asalaamu aleikum Bi Mshauri.

Mie ni mwanamme wa miaka 33, mzaliwa wa Wete, Pemba, na sasa naishi kwenye soba hausi moja, nyumba ya walioacha dawa za kulevya, hapa Unguja. Unga, yaani heroini, nimeutumia miaka tisa. Nilianza na kokteli maskani, bangi imechanganywa na unga, na mwisho nikawa nadunga. Sitaki kukuchosha na ya nyuma, ila moja lazima nilitaje.

Miaka mitatu iliyopita nilirudi nyumbani msimu wa karafuu. Usiku mmoja nikaiba polo mbili, magunia mawili, za karafuu kavu za mamaangu, zilizokuwa zinangoja kupelekwa kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, nikazitoa kwa bei ya kutupa. Pesa zake ndizo zingelipa wachumaji. Mama akakopa akawalipa. Tangu siku ile mpaka msimu ukaisha alilala barazani juu ya mkeka, pembeni ya karafuu zake, ananilinda mie mwanawe. Hakunitolea neno hata moja.

Nimeingia soba mwaka jana. Arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, ilinipiga siku nne sijui mchana wala usiku, kisha Mungu akanivusha. Baada ya miezi sita wakanipa kazi ya kupokea wageni. Mtu akija na arosto, mie ndiye nakaa naye usiku kucha, namnywesha maji, nasafisha matapishi. Viongozi huwaambia, "Mtazameni huyu, alikuja hali mbaya kuliko nyinyi." Baada ya wiki mbili natimiza mwaka, na nyumba inanifanyia sherehe.

Bi Mshauri, mwaka huo si kweli. Wiki tano zilizopita alifariki rafiki yangu niliyekuwa nikitumia naye. Tulimzika Mwanakwerekwe. Tulipotoka makaburini nikakutana na wenzetu wa zamani, tukakaa, tukamlilia, na sijui ilikuwaje. Nilidunga nusu tu ya kipimo changu cha zamani, kwa bomba la sindano la mwenzangu. Ninachokumbuka baadaye ni kupigwa makofi ya uso na kumwagiwa maji. Nilipozinduka nilisikitika kidogo kwamba nimezinduka. Nikarudi nyumbani kabla ya magharibi, nikasema msiba umenichosha. Hakuna aliyejua mpaka leo, na sijarudia.

Sponsa wangu, yule aliyenitangulia kuacha na anayenisimamia, ndiye huyo huyo kiongozi wa nyumba. Nikimwambia, siku zangu zinaanza upya kutoka moja, kazi ya kupokea wageni naipoteza, na wale vijana wanaonitazama wataona hakuna anayepona.

Sasa mama kanipigia simu. Mikarafuu imezaa vizuri. Anataka baada ya sherehe nipande boti nije nisimamie shamba lote, niwalipe wachumaji, nipeleke karafuu nikachukue pesa. Ameniambia, "Nimeshasahau, mwanangu. Nimenunua na majamvi mapya." Kaka yangu mkubwa kamwambia anampa fisi ufunguo wa bucha. Dada yangu, mwalimu wa skuli hapo hapo Wete, yeye ananiambia njoo tu.

Usiku silali. Nala kwa kulazimishwa. Naswali lakini moyo haupo. Kuna siku nalia bila sababu na mwanamme mzima kama mie naona haya. Nimenunua vidonge vya usingizi duka la dawa, bado sijavinywa, vipo chini ya godoro. Nikienda Pemba naogopa pesa. Nisipoenda, mama atajua kaka alisema kweli. Nikisema siri yangu, miezi kumi na moja inakwenda na maji. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya watu nikipokea zawadi ya uongo. Nifanyeje?

Kijana wa Wete

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Umeniuliza kuhusu Pemba, kuhusu sherehe na kuhusu siri. Yote nitayafikia. Lakini umeandika jambo moja ukalipita haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba asiyotaka kuonekana anaingia, na mie siwezi kulipita. Umesema ulipozinduka ulisikitika kidogo kwamba umezinduka.

Kwa hiyo nakuuliza waziwazi, kwa sababu kuuliza hakumpi mtu wazo asilokuwa nalo: fikra hiyo bado inakujia? Inakujia usiku, ukiwa umelala juu ya vidonge hivyo? Kama jibu ni ndiyo, hata ndiyo ndogo, basi hilo linatangulia karafuu na linatangulia sherehe. Vidonge hivyo mpe mtu mwengine akuwekee, leo. Huna haja ya kumsimulia yote, mwambie tu, "Nishikie hivi, sitaki viwe karibu yangu." Hata kama ulivinunua kwa nia ya kulala tu, mtu aliyewahi kutumia unga hana usalama na vidonge vya usingizi vya kujinunulia. Vingi vyao huzifanya pumzi kuwa nzito, na unga hufanya hivyo hivyo. Viwili vikikutana katika mwili mmoja, hatari si ile ya kujumlisha, ni kubwa zaidi. Na fikra ya kufa ikikukaba, nenda hospitali ya Mnazi Mmoja saa yoyote, au ile ya Kidongo Chekundu ambako wapo wanaotibu maradhi ya akili kama daktari mwengine anavyotibu sukari. Usingizi uliopotea, chakula kisichopita, kilio kisicho na sababu, sala isiyo na moyo: umenitajia dalili za sonona, huzuni iliyogeuka maradhi, na sonona ina matibabu. Si upungufu wa imani wala wa uanaume. Aliyeacha unga pia hukaa miezi mingi usingizi haujarudi sawa na furaha haijarudi sawa, kwa sababu ubongo uliozoeshwa kupewa raha kutoka nje huchukua muda kujifunza tena kuitengeneza wenyewe. Ipi ni ipi kwako, au zote mbili, daktari ndiye wa kukupambanulia. Na juu ya hayo umezika rafiki. Katika barua nzima umemtaja mara moja, na hukusema unamkumbuka. Umeshamlilia ukiwa mzima, bila unga?

Sasa nirudi kwenye siku ile, maana umeieleza kwa neno "nusu tu". Mwanangu, nusu hiyo nusura ikuzike karibu na rafiki yako. Mwili unaotumia unga kila siku huzoea. Kipimo cha kumuua asiyezoea, aliyezoea humtuliza tu. Ukiacha, mazoea hayo huondoka, tena upesi, kwa wiki si kwa miaka. Lakini kichwa hakisahau kipimo cha zamani. Ndiyo maana kuna vijana wanaokufa wiki ileile waliyotoka jela au waliyotoka soba, na watu husema alipewa unga mbaya, kumbe mara nyingi unga ni uleule, mwili ndio si uleule. Pumzi hupungua, midomo hubadilika rangi, mtu anakoroma, na wenzake wanasema mwacheni alale. Wewe Mungu alikuletea mtu wa kukupiga makofi, lakini makofi na maji si dawa. Mtu wa hali hiyo hulazwa ubavu ili asipaliwe, na hukimbizwa hospitali, kwa sababu ipo dawa, naloksoni, inayoweza kuzirudisha pumzi ikiwahi. Wewe unayepokea wageni ungefaa kulijua hili kuliko mtu yeyote katika nyumba hiyo.

Na lile bomba la mwenzako. Kapime virusi vya ukimwi na homa ya ini, B na C. Wiki tano ni mapema kidogo, kwa hiyo ukiambiwa huna, rudia itakapotimia miezi mitatu. Homa ya ini C siku hizi inatibika ikapona kwa vidonge vya miezi miwili mitatu, na ukimwi una dawa zake. Usiongeze hofu isiyo na jina juu ya hofu ulizonazo.

Nilivyokuelewa mie, umesimama na milango miwili, Pemba na sherehe, na nyuma ya kila mmoja unaiona aibu ileile. Ila nataka tuyatazame pamoja baadhi ya uliyoyachukua kuwa hayana mjadala.

Umesema miezi kumi na moja inakwenda na maji. Inakwenda wapi? Yule kijana uliyemshikia ndoo saa tisa za usiku, je, kutapika kwake kulikuwa kwa uongo? Zile siku nne za arosto ulizozivuka, kuna anayeweza kukuvua? Hesabu inaweza kurudi moja, na najua inauma, lakini alichojifunza mwili wako na moyo wako kwa miezi kumi na moja hakikai kwenye kalenda. Umesema pia vijana wataona hakuna anayepona. Huenda. Au huenda wakaona mtu aliyeteleza, akasimama kabla hajafika chini, akasema. Sijui wataona lipi. Najua tu kwamba wengi wao watateleza, na siku hiyo kila mmoja atamtafuta mtu anayeweza kumwambia. Kama katika nyumba yenu anayeteleza hana pa kusemea, hilo si lako peke yako.

Hata hivyo sitaki kukurahisishia. Ukimwambia kiongozi wako, unaweza kupoteza kazi hiyo kwa muda, na kazi hiyo ndiyo inayokupa sababu ya kuamka. Nyumba nyengine ni kali zaidi, hukutoa kabisa. Ukinyamaza, utasimama kwenye sherehe, watu watapiga makofi, na kila kofi litakuchoma, na moyo unaochomeka peke yake hutafuta ganzi unayoijua. Hilo ndilo linalonitia hofu, zaidi ya kuteleza kwenyewe. Kati ya mawili hayo kuna njia zenye vichochoro. Unaweza kuanza na mtu asiye na madaraka juu yako: dada yako, daktari, mwenzako wa zamani aliyekwishatoka nyumbani hapo. Unaweza kumwomba kiongozi wako mazungumzo ya sponsa na mtu wake, umwambie hivyo kabla hujafungua kinywa, umwulize ikiwa sherehe inaweza kusogezwa bila kutangazwa sababu. Anaweza kukataa. Nadhani lakini aliyeketi kiti hicho naye amewahi kuwa na siri.

Kuna na jambo ambalo hukuligusa, pengine kwa kuwa wengi wa soba hawalipendi. Kliniki ya methadoni ipo Kidongo Chekundu tangu 2015. Dawa hiyo kwa kawaida hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, huzuia arosto na hupunguza hamu, na walio katika tiba hiyo hufa kidogo sana kwa kuzidisha unga kuliko wasio nayo. Wapo watakaokwambia hujaacha, umebadilisha tu. Mie sikubaliani nao, nimeona watu waliorudi kuwa baba kwa watoto wao kwa dawa hiyo. Lakini kwa mtu kama wewe ambaye mwili umeshatoka kwenye mazoea, si dawa ya kujianzia, nayo ina hatari zake, na kuinywa kila siku hakupatani na safari ya ghafla ya Pemba. Ni la kumuuliza daktari siku utakayokwenda kwa ajili ya usingizi.

Sasa karafuu.

Umesema unaogopa pesa, nami nakuamini. Ubongo wako kwa miaka tisa umejifunza kwamba noti mkononi ni hatua ya kwanza, na hausahau kwa kuambiwa. Lakini pesa ni moja tu. Umefikiria harufu? Karafuu zikianikwa, Pemba nzima inanukia, na kwa mtu mwengine hiyo ni harufu ya nyumbani. Kwako wewe ni harufu ya usiku ule. Inaweza kukupanda kichwani ukiwa umekaa tu barazani unachambua na wenzako, mikono inafanya kazi, na ghafla hamu inakuja bila noti yoyote mfukoni.

Hamu, mwanangu, unaijua wewe kuliko mie, ila wewe unaijua ukiwa ndani yake. Anayeitazama kutoka ufukweni huona ni wimbi: linapanda, linafika kileleni, linashuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, hata kama hukulipa wimbi linachotaka. Tatizo ni kwamba likiwa linapanda mtu huapa halitashuka. Kwa hiyo kazi si kulipiga ngumi, ni kulipitisha. Simama pale ulipo, uondoke. Chukua udhu kwa maji baridi, taratibu, ukihisi kila kiungo. Tembea mpaka kwa mtu, si mpaka peke yako. Piga simu useme maneno matatu: "Nina hamu sasa." Kisha tazama saa. Na ujichunguze kabla halijaja: una njaa? Una hasira? Upweke? Umechoka? Wewe hivi sasa huli na hulali, basi umeshafika nusu ya njia hata kabla ya boti.

Kisha nikuulize: mama amekutaka wewe, au amekutaka msimamizi? Umemsikia akikupa shamba lote, pesa zote, ufunguo wote. Nawaza kama hiyo ndiyo lugha pekee aliyoipata ya kukwambia rudi nyumbani. Mtu anaweza kwenda Pemba akachuma, akaanika, akabeba majamvi mvua ikitisha, asishike hata shilingi. Wachumaji walipwe na dada yako kila jioni karafuu zikipimwa kwa pishi. Kituoni aende mama na kaka. Wewe ulale nyumbani, si kambini pamoja na vibarua, na tiketi ya kurudi uwe nayo tangu siku ya kwanza, ya wiki moja tu, si ya msimu mzima. Kila baada ya isha simu kwa mtu mmoja unayemwambia kweli. Ikiwa hakuna mtu huyo, basi safari hiyo unaifanya peke yako hata kama boti imejaa.

Kaka yako, kwa mfano. Maneno yake ya fisi na bucha ni makali, na yamekuuma. Lakini yasome tena pembeni ya barua yako. Anaogopa kilekile unachokiogopa wewe, tofauti ni kwamba yeye amekisema kwa sauti. Ungempigia ukamwambia, "Kaka, hata mie naogopa, pesa ushike wewe," sijui angejibu nini. Huenda angekuwa mkali vilevile. Huenda asiwe na la kusema.

Kubaki Unguja nako si kujificha. Mikarafuu haihami, itazaa tena. Unaweza kumwambia mama, "Mwaka huu mwili wangu bado mgonjwa, natibiwa," na hilo ni kweli tupu. Atasikitika, na kaka anaweza kusema nilisema. Lakini kumbuka na hili: maskani iko hapa Unguja, na wale uliokaa nao baada ya maziko wapo hapa. Kubaki bila tiba, bila kusema, na vidonge chini ya godoro, si usalama kuliko Pemba. Wala hakuna kisiwa kisicho na unga. Hilo unalijua.

Jambo la zile polo mbili nimelirudia mara nyingi. Mama kasema amesahau. Wewe hujasahau, na sioni popote katika barua yako kwamba umewahi kumwomba radhi kwa mdomo wako. Amekusamehe kabla hujaomba, nawe sasa umebaki na deni ambalo huna pa kulilipia, ndiyo maana shamba lote linaonekana kama mtihani. Sijui kama wakati wake ni sasa. Unaweza kulisema kwa simu, au ukalisubirisha mpaka uwe na nguvu. Lakini kwenda kusimamia msimu mzima juu ya jambo ambalo halijasemwa, hilo ni zito hata kwa mtu anayelala vizuri.

Kwa hiyo sitakwambia panda boti au usipande. Una wiki mbili, na si lazima mambo yote yaamuliwe siku moja. Daktari hana haja ya kusubiri sherehe. Pemba inaweza kusubiri daktari. Niandikie tena, uniambie ulipofika, hata kama ni pale ulipokuwa.

Wewe umekaa macho na wageni wangapi mpaka alfajiri? Usiku wa leo, ukishaswali isha, angalia ni nani hapo nyumbani ambaye taa yake bado inawaka. Mgongee mlango na vidonge mkononi.